Namna ya Kuchagua Pochi Nyembamba na Nyepesi ya Kila Siku kwa Mkazi wa Kigoma

Wazee wa Ujiji walitunza fedha zao kibindoni, yaani katika lile pindo la shuka au kikoi linalokazwa kiunoni, na mama zetu wengi mpaka leo hufunga noti kwenye pindo la kanga wanapokwenda sokoni. Namna zote mbili zina sifa ambayo pochi nyingi za dukani zimeikosa: chombo chenyewe karibu hakina uzito wake, na hubeba kile tu ambacho siku hiyo inakihitaji. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu mtu anayetaka pochi nyembamba, au waleti kama vijana wengi wanavyoiita, kwa kawaida huanza kwa kuinamia meza ya muuzaji pale Mwanga, ilhali kitu cha kwanza anachopaswa kukitazama ni mzigo uliomo katika pochi aliyonayo tayari.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa gharama. Kwa miaka kadhaa nilibeba katika mfuko wa nyuma wa suruali pochi ya ngozi ya kukunja, iliyojaa kadi, risiti, picha za pasipoti na sarafu, na safari moja niliikalia hivyo ndani ya basi kutoka Kigoma hadi Tabora njia nzima. Nilipofika na kuiingiza kadi ya benki katika mashine ya kutolea fedha, mashine haikuisoma, kwa sababu plastiki ilikuwa imepinda na kupata ufa uliopita kando ya ile chipu ya rangi ya dhahabu. Nilikaa siku mbili katika mji wa watu nikitegemea fedha alizonitumia mdogo wangu kwa simu. Kadi ile ilikuwa imelala juu ya sarafu, na juu yake alikuwa ameketi mtu mzima kwa saa nyingi. Hakuna plastiki ambayo ingestahimili.

Mwili nao huumia. Mwaka 1978 daktari wa Marekani aitwaye Elmer Lutz aliandika katika jarida la kitabibu la JAMA kuhusu maumivu ya mguu yanayotokana na kukalia pochi iliyojaa kadi. Neva kubwa ya mguu hupita chini ya misuli ya kalio, na kitu kigumu kinachokandamizwa hapo kila siku kinaweza kuibana mpaka maumivu yateremke pajani. Dereva wa bajaji na karani anayeketi ofisini tangu asubuhi wanapaswa kulitilia maanani jambo hili kuliko watu wengine, kwa kuwa kazi yao ni ya kukaa.

Anza kwa kumwaga kila kitu mezani

Chukua pochi yako ya sasa, tandika kitambaa mezani au mkekani, na umwage kila kilichomo. Kisha shika kitu kimoja kimoja na ujiulize mara ya mwisho ulikitumia lini. Ulichokigusa ndani ya siku saba zilizopita kiweke mkono wa kulia, ambacho sheria au dharura inakulazimisha kuwa nacho kiweke katikati, na vingine vyote viweke mkono wa kushoto. Watu wengi hushangaa kuona kwamba rundo la kushoto ndilo kubwa kuliko yote.

Leseni ya udereva haina mjadala kwa mtu anayeendesha chombo cha moto, kwa hiyo inabaki. Kadi ya bima ya afya nayo ninashauri ibaki, kwa sababu ugonjwa hautoi taarifa. Kuhusu Kitambulisho cha Taifa, ikumbukwe kwamba namba yake ina tarakimu 20, ambazo 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, hivyo kuikariri si kazi kubwa kama inavyoonekana. Na kwa shughuli kama kusajili laini ya simu, kinachohitajika ni namba hiyo pamoja na alama ya kidole. Ikiwa kazi yako haikudai uonyeshe kadi yenyewe kila siku, ihifadhi nyumbani mahali salama na uichukue unaposafiri. Kadi ya mpiga kura haina kazi mfukoni mpaka siku inayohitajika, na ikipotea usumbufu wake ni mkubwa. Kadi za benki, hata kama unazo tatu, beba moja tu, ile ambayo mashine yake iko karibu na njia yako ya kila siku.

Risiti za mashine za EFD, yaani zile mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, zinahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndizo hujaza pochi za wafanyabiashara wengi. Karatasi ya risiti hizo huandikwa kwa joto badala ya wino, na ndiyo sababu maandishi yake hufifia yanapokaa karibu na mwili wenye joto na jasho. Mtu anayezihifadhi pochini kwa ajili ya hesabu zake za mwezi hujikuta ameshika vikaratasi vyeupe visivyosomeka. Zipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kisha zitie katika bahasha nyumbani au ofisini, mahali pasipo na joto.

Sarafu ndizo adui mkubwa wa pochi nyembamba. Tangu sarafu ya shilingi 500 ilipoingia katika mzunguko mwaka 2014, chenji ya safari moja ya daladala inaweza kukuachia vipande vinne au vitano vya chuma, na kila kipande kinatoboa bitana, kinakwaruza kadi na kuifanya pochi ivimbe upande mmoja. Ushauri wangu ni kwamba sarafu zisiingie kabisa katika pochi hii tunayoizungumzia. Zitie mfuko mwingine, au katika kifuko kidogo cha kitambaa ambacho fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea kwa kipande cha kitenge kilichobaki, na zitumie siku hiyo hiyo kwa nauli, maji na karanga.

Kuhusu noti, wapo wanaoamini kwamba simu imekwisha kuchukua nafasi yake. Ni kweli kwamba tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine zikaifuata, mzigo wa fedha mfukoni umepungua sana, na ninawashauri watu waitegemee simu kwa malipo yote makubwa. Hata hivyo, mtu anayeshuka Kibirizi alfajiri kununua dagaa au migebuka anajua kwamba mtandao ukiyumba, mwenye samaki hamsubiri, na kwamba bodaboda anayekupeleka Ujiji usiku anapendelea kupewa fedha mkononi. Pochi yako basi iwe na nafasi ya noti chache, kiasi cha matumizi ya siku mbili kwa kadiri unavyojijua mwenyewe, na zilizobaki zikae kwenye simu au benki. Wale wanaovuka mara kwa mara kwenda Burundi au Kongo wasichanganye faranga na shilingi katika pochi moja. Bahasha ndogo ndani ya begi inatosha kwa fedha za kigeni, na inakuondolea aibu na hatari ya kufunua kila ulicho nacho mbele ya watu unapotafuta noti moja.

Hesabu ya unene

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu muuzaji huwaonyesha pochi ikiwa tupu, na pochi tupu karibu zote huonekana nyembamba. Lazima uihesabu ikiwa imejaa. Kadi ya benki, leseni na Kitambulisho cha Taifa zote hufuata kipimo kimoja cha kimataifa, ambacho ni urefu wa milimita 85.6, upana wa milimita 53.98 na unene wa milimita 0.76. Kadi nne zikipangwa pamoja zina unene wa milimita 3 hivi, na kadi kumi zina milimita 7.6. Kadi moja ya plastiki ina uzito wa karibu gramu 5, kwa hiyo kadi kumi ni gramu 50 kabla hujaongeza ngozi wala noti.

Noti moja ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Noti kumi zikikunjwa katikati huwa matabaka 20, yaani milimita 2. Zikikunjwa sehemu tatu kwa urefu wake huwa matabaka 30, yaani milimita 3, na kwa kweli huzidi kidogo kwa sababu mikunjo haitulii kama karatasi mpya. Kwa hiyo noti na kadi za mtu wa kawaida, zikichujwa vizuri, hazizidi milimita 5 au 6. Unene unaobaki wote ni wa pochi yenyewe.

Sasa ichunguze pochi ya kawaida ya kukunja. Kila upande una ngozi ya nje, bitana yake, ukuta wa ndani wa sehemu ya noti, na juu ya ukuta huo vifuko vitatu vya kadi vilivyopandana. Hayo ni matabaka sita kwa upande mmoja, na ukiikunja yanakuwa 12. Hata kila tabaka likiwa na milimita 0.7 tu, tayari umebeba milimita 8.4 za ngozi na kitambaa kabla hujatia kadi hata moja. Ilinganishe na kifuko kisichokunjwa chenye matabaka matatu ya ngozi ya milimita 1: kifuko milimita 3, kadi nne milimita 3, noti kumi milimita 2, jumla milimita 8. Kifuko hicho kikiwa kimejaa ni chembamba kuliko ile ya kwanza ikiwa tupu. Mimi sijaona hoja nyingine inayoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi, na kila anayeniuliza kuhusu pochi ninamwambia kwanza ahesabu matabaka.

Ukiwa dukani, basi, toa kadi zako na noti zako, zitie katika pochi unayoitaka, kisha ifunge na uitazame kwa ubavuni. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Tia noti ya shilingi 10,000, ile nyekundu yenye picha ya tembo, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko noti zetu zote. Pochi inayoimeza bila kuikunja pembe itazimeza na zile nyingine. Jihadhari na pochi za kuagiza, kwani huenda zilikatwa kwa kufuata noti za nchi nyingine ambazo vipimo vyake havilingani na vya noti zetu.

Umbo

Kifuko bapa kisichokunjwa, chenye nafasi moja au mbili za kadi kila upande na upenyo wa katikati kwa noti zilizokunjwa, ndicho ninachokipendekeza kwa watu wengi. Kasoro yake ni kwamba noti ni lazima zikunjwe, jambo linalomchosha mtu anayelipa na kupokea chenji mara ishirini kwa siku. Mwenye duka au mchuuzi wa mwaloni atahudumiwa vizuri zaidi na pochi ya kukunja mara moja iliyo nyembamba, isiyo na bitana, yenye vifuko viwili tu vya kadi kila upande, ambamo noti hulala zilivyo.

Kuna kibanio cha noti, ambacho ni kipande cha chuma kilichopindwa kinachoshika fedha kwa nje. Ni chepesi na kinaonekana nadhifu, lakini fedha zako zinaonekana na kila mtu kila unapokitoa mfukoni, na kwa sababu hiyo sikipendi kwa mtu anayepanda daladala. Vibanio vyenye sumaku vinahitaji tahadhari pia, kwa kuwa sumaku inaweza kufuta ukanda mweusi wa kadi dhaifu kama zile za milango ya hoteli, ingawa ukanda wa kadi za benki kwa kawaida ni imara zaidi na chipu haidhuriwi kabisa.

Pochi za bamba mbili za alumini zinazofungwa kwa lastiki zimeenea miongoni mwa vijana. Zinazilinda kadi zisipinde kuliko ngozi yoyote, na hilo ni jambo la maana. Hata hivyo chuma kinaweza kuikwaruza simu vikikaa mfuko mmoja, noti hubaki nje zikibanwa na lastiki, na lastiki yenyewe hulegea kwa joto na muda. Ukiinunua, hakikisha lastiki inaweza kubadilishwa.

Malighafi

Ngozi halisi bado ndiyo chaguo langu la kwanza, mradi tu iwe ngozi kweli. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana tangu juu hadi chini, ilhali ngozi bandia huonyesha utando laini uliogandishwa juu ya kitambaa. Ikunje kwa kidole gumba. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo isiyolingana na kubadilika rangi kidogo, na bandia hukunjika kama karatasi ya nailoni. Ngozi bandia ni nyepesi na rahisi, lakini katika joto la ufukweni hapa hubabuka baada ya muda na kuacha vipande vyeusi vikigandamana na noti. Kati ya hizo mbili ipo ngozi iliyosagwa na kugandishwa upya kwa gundi, ambayo ina harufu ya ngozi na hata maandishi ya kuitambulisha kuwa ngozi, lakini hupasuka kwenye mkunjo mapema. Usiridhike na harufu peke yake.

Unene wa ngozi ni muhimu sawa na ubora wake. Ngozi nene ya ng'ombe ya kutengenezea viatu haifai hata ikiwa nzuri kiasi gani. Tafuta ngozi ya milimita 1 au pungufu kidogo. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba kwa asili yake na bado ni ngumu kuchanika, na kwa kifuko cha kadi naiona bora kuliko ya ng'ombe.

Nailoni nzito na turubai jepesi ni jibu zuri kwa wavuvi, makuli wa bandarini na wote wanaopanda mitumbwi. Nailoni hulowa na kukauka bila kukakamaa, haioti ukungu kwa urahisi, na pochi yake huwa nyepesi kuliko ya ngozi ya ukubwa ule ule. Kinachoharibika kwanza ni mshono na ukingo unaofumuka. Kwa hiyo tazama kama kingo zimekunjiwa ndani au zimeunguzwa kwa moto zikashikana, na ukatae pochi ambayo nyuzi zake zimeanza kuchungulia ikiwa bado mpya.

Meza za mitumba zisidharauliwe. Nimeona hapo pochi za ngozi nzuri, zilizokwisha kulainika kwa matumizi ya mtu wa kwanza, ambazo dukani zisingepatikana. Fungua kila kifuko uchunguze bitana, vuta mshono kwa nguvu ya wastani, na ujaribu kadi yako katika kila nafasi, kwa sababu vifuko vilivyozoea kubeba kadi tatu huwa vimelegea na haviwezi tena kuishika moja.

Kushonesha kwa fundi

Ikiwa hujapata inayokufaa, mwendee fundi viatu mwenye mkono mzuri. Pochi bapa ni kazi ndogo kwake, na faida yake ni kwamba itakatwa kwa kufuata kadi zako na noti zako. Kosa la kawaida ni kumwambia fundi akushonee pochi ndogo na kumwachia makadirio. Atakushonea kile alichokizoea, yaani pochi ya kukunja yenye vifuko vingi. Mpelekee kielelezo cha karatasi ngumu, na vipimo uvichukue kwa rula.

Kadi ikilazwa upande wake mrefu ukiwa wa mlalo inahitaji nafasi ya ndani ya milimita 90 hivi kutoka mshono hadi mshono, yaani kadi yenyewe pamoja na milimita 4 au 5 za nyongeza, kwa sababu kadi nne zina unene unaovuta ngozi na kuila nafasi. Mshono ukae milimita 3 kutoka ukingoni kila upande, hivyo kipande chote kiwe na upana wa milimita 96 au 97. Kwa urefu wa kwenda juu, ikunje katikati noti ya 10,000, ipime, na uongeze milimita 5. Agiza vipande vitatu tu: cha nyuma, cha katikati na cha mbele. Kadi zikae kati ya kipande cha mbele na cha katikati, na noti zikae kati ya cha katikati na cha nyuma. Mwambie akate nusu duara ndogo kwenye ukingo wa juu wa kipande cha mbele ili kidole gumba kiweze kuisukuma kadi nje. Bila upenyo huo utakuwa unazitoa kadi kwa kucha.

Msisitizie fundi asiweke bitana. Mafundi wengi huipenda kwa kuwa inaficha upande usiolainishwa wa ngozi, lakini ndiyo inayoongeza unene, ndiyo inayochanika kwanza, na ndimo sarafu na vumbi hujificha. Uzi uwe wa nailoni uliopakwa nta, na mshono wa mwanzo na wa mwisho, pale juu ambapo mkono huvuta kila siku, urudiwe mara mbili au tatu. Kama atatumia gundi, aipake ukingoni tu kwa upana wa milimita 3, si kote. Kabla hajashona, tia kadi zako kati ya vipande vilivyobanwa ujaribu. Ngozi ikishatobolewa kwa sindano, tundu halizibiki.

Pochi mpya ya ngozi inapaswa kubana kiasi cha kukusumbua wiki ya kwanza. Usimwombe fundi ailegeze. Ziache kadi zako nne ndani yake usiku na mchana, na baada ya siku kumi hivi ngozi itakuwa imechukua umbo lake.

Mahali pa kuiweka

Mfuko wa mbele wa suruali ndio mahali pake, na hili ndilo jaribio la mwisho kabla ya kuinunua. Itie mfukoni, kaa kwenye kiti kifupi, kisha inuka na ukae tena kama anayepanda pikipiki. Pochi isichome nyonga wala isichungulie nje. Wanaopanda bodaboda kati ya Mwanga na Ujiji wamewahi kuona pochi ikichomoka mfuko wa nyuma bila mwenyewe kusikia, na pale stesheni treni inapoingia, watu wakisukumana kwa mizigo, mfuko wa nyuma huwa kana kwamba si wako.

Simu na pochi zisikae mfuko mmoja, na kadi isikae nyuma ya kava ya simu. Ninajua wengi hupachika hapo noti ya 5,000 kwa dharura, na noti moja haina neno. Lakini simu leo ni pochi ya pili, yenye fedha nyingi mara nyingine kuliko ile ya ngozi. Ukiviunganisha viwili hivyo, mwizi mmoja anakuacha huna hata nauli ya kwenda polisi kuandikisha upotevu.

Dada zetu na mama zetu wana tatizo ambalo watengeneza nguo ndio wamelisababisha, kwa kuwa magauni na sketi nyingi hazina mfuko kabisa. Pochi nyembamba ikitupwa ndani ya mkoba mkubwa hupotelea chini. Kwa anayeshonesha kitenge, amwombe fundi aweke mfuko ndani ya mshono wa ubavuni, wenye kina cha kiganja kizima. Pochi ya milimita 8 hukaa humo bila kuonekana, jambo ambalo pochi nene haiwezi.

Kuhusu kinga ya mawimbi

Utakutana na pochi zinazouzwa kwa bei ya juu kwa madai kwamba zinazuia wezi kusoma kadi yako kwa mbali. Kadi zenye alama ya mawimbi manne madogo ndizo zinazolipa kwa kugusishwa, na mawasiliano yake, yanayotumia masafa ya megahezi 13.56, yamekusudiwa kwa umbali wa sentimita chache tu. Kila malipo ya chipu hutumia msimbo wake wa mara moja, kwa hiyo kunasa msimbo uliopita hakumwezeshi mwizi kulipia kitu kingine. Kama kadi yako haina alama hiyo, kinga hiyo haina cha kukinga. Fedha hiyo iongeze katika ubora wa ngozi.

Maji na ukungu

Wanaokwenda vijiji vya kaskazini kwa boti kutoka Kibirizi wanajua kwamba kupanda na kushuka mara nyingi ni kukanyaga maji. Beba mfuko mdogo wa plastiki wenye kufungika, utie pochi yote humo kabla ya kuondoka ufukweni. Ngozi ikilowa, toa kila kitu, ifute kwa kitambaa kikavu na uianike kivulini penye upepo. Usiianike juani wala karibu na jiko la mkaa, kwani hukakamaa na kupasuka. Ikishakauka, ipake mafuta ya ngozi au nta kidogo kwa ncha ya kidole. Mawese, ambayo huku tunayo kwa wingi na wengine huyapaka kwenye viatu, usiyatumie. Rangi yake itahamia kwenye noti.

Miezi ya mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili na Mei, ngozi iliyofungiwa kabatini huota ukungu. Ifute kwa kitambaa kikavu na uiache hewani. Nafasi hiyo itumie pia kumwaga tena vilivyomo mezani, kwa kuwa vikaratasi hurudi.

Ile pochi nene ya zamani usiitupe. Andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi, kitie katika pochi mpya ili atakayeiokota aweze kukupigia. Kisha yale yote ya mkono wa kushoto, yaani kadi za benki za ziada, kadi ya mpiga kura, Kitambulisho cha Taifa na picha za pasipoti, yarudishe katika pochi ya zamani na uifungie sandukuni nyumbani, mahali ambapo mtu mmoja unayemwamini anapajua.